Wigo, Upeo na Mawanda: Uhakiki wa Istilahi za Mipaka ya Upimaji katika Zana za Kuchanganua Utendaji wa Mifumo, kwa Mifano ya Mkoa wa Katavi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matumizi ya maneno wigo, upeo na mawanda katika kutaja mipaka ambayo mtumiaji wa zana ya kuchanganua utendaji wa mfumo wa kompyuta huiweka kabla ya kuanza kupima. Katika maandishi ya kitaaluma na katika tafsiri za kiufundi, maneno hayo matatu hutumiwa mara nyingi kama visawe. Makala yanadai kwamba si visawe. Upeo hutaja kikomo cha uwezo wa kuona, wigo hutaja mpaka uliowekwa na mtu, na mawanda hutaja eneo ambalo dai linaenea. Kwa kutumia mifano ya Mkoa wa Katavi, inaoneshwa kwamba kuyachanganya maneno hayo kunamficha aliyeweka mpaka, na hivyo kuyapa matokeo ya upimaji uzito yasiostahili. Mwisho yanapendekezwa mahusiano ya istilahi hizo yanayoweza kuwafaa wafasiri wa programu na pia watafiti wa lugha.

Maneno makuu: istilahi, wigo, upeo, mawanda, upimaji wa utendaji, Katavi

1.0 Utangulizi

Msimamizi wa mfumo anaposema "mfumo uko sawa", na karani aliyeketi ofisini Mpanda akamwambia mwananchi "mtandao unasumbua", si lazima mmoja wao awe anasema uongo. Kila mmoja amepima kitu chake. Wa kwanza ametazama kompyuta moja iliyoko mbali, wa pili ametazama saa ya ukutani na foleni iliyo mbele yake. Kinachowatenganisha ni mpaka wa kile kilichopimwa, na mpaka huo haujatajwa katika kauli zote mbili.

Kauli "mtandao unasumbua" inastahili kuangaliwa kwa makini na mwanaisimu. Katika Kiswahili cha maofisini nchini Tanzania, kauli hiyo imekuwa kapu la kila hitilafu: umeme uliokatika, kompyuta iliyochoka, hifadhidata iliyoelemewa, waya uliokatika, na hata mtumishi aliyesahau neno lake la siri. Ni kauli yenye eneo pana kupita kiasi. Kwa upande wa pili, "mfumo uko sawa" ni kauli ya eneo finyu inayotamkwa kana kwamba ni pana. Tofauti hii ni ya kimaana kabla haijawa ya kiufundi, na ndiyo maana haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao.

Uundaji wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili una historia inayojulikana. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kampuni kubwa za kigeni zikafuata njia hiyo. Kazi hiyo ilikuwa na thamani kubwa, kwa kuwa ilionesha kwamba faili, kabrasha na chapisho vinaweza kuitwa kwa majina yanayoeleweka. Hata hivyo, juhudi za aina hiyo zilimlenga anayeandika barua na anayejaza jedwali. Anayepima mfumo wenyewe, yule ambaye taarifa yake huamua nani alaumiwe na wapi fedha zipelekwe, hakupewa msamiati wa kutosha. Makala haya yanashughulikia sehemu moja tu ya pengo hilo, nayo ni jina la mpaka wa upimaji.

2.0 Mpaka wa Upimaji kama Tatizo la Kiufundi

Zana ya kuchanganua utendaji ni programu inayopima programu nyingine. Huonesha muda umetumika wapi, kumbukumbu imejazwa na nini, na ni sehemu ipi ya msimbo inayoitwa mara nyingi. Haja ya zana hizo ilidhihirika mapema. Mwaka 1971, Donald Knuth alichapisha uchunguzi wa programu zilizoandikwa kwa lugha ya Fortran na kuonesha kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 4 ya programu huchukua zaidi ya nusu ya muda wake wote wa kutenda. Kwa maneno mengine, anayetaka kuharakisha programu bila kupima anaweza kutumia nguvu zake zote katika asilimia 96 isiyo na kosa.

Mwaka 1982, Graham, Kessler na McKusick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza zana iitwayo gprof, ambayo ilihesabu muda wa kila kipande cha programu pamoja na muda wa vipande kilivyoviita. Zana hiyo ilikuwa na mpaka wake. Ilipima programu moja iliyoandaliwa maalumu kwa ajili hiyo, na ilihesabu muda ambao prosesa ilikuwa ikifanya kazi. Muda ambao programu ilikaa ikisubiri diski au mtandao haukuonekana. Zana ya perf, iliyoingizwa katika mfumo endeshi wa Linux mwaka 2009, ilimpa mtumiaji uhuru zaidi: anaweza kupima mchakato mmoja, kundi la michakato, prosesa fulani tu, au mashine nzima. Lakini uhuru huo una masharti. Mtumiaji asiye na mamlaka ya msimamizi anaweza kuzuiwa kuona mambo yanayotendeka ndani ya kiini cha mfumo endeshi.

Kutokana na maelezo hayo, mpaka wa upimaji una pande tatu. Upande wa kwanza ni kitu: ni mchakato upi, au mashine ipi, inayopimwa. Upande wa pili ni tabaka: je, kinachohesabiwa ni msimbo wa mtumiaji tu, au pamoja na kazi ya kiini cha mfumo endeshi, ni kutenda tu, au pamoja na kusubiri? Upande wa tatu ni muda: upimaji unaanza na kuisha lini, na sampuli zinachukuliwa kwa nafasi gani. Mtumiaji huchagua katika pande zote tatu, hata pale anapodhani hajachagua, kwa kuwa zana huwa na chaguo lililowekwa tangu awali na watengenezaji wake.

Zaidi ya uchaguzi huo kuna mambo mawili yaliyo nje yake. Kuna yale ambayo zana haiwezi kuyaona hata mtumiaji akitaka. Kuna pia yale ambayo msomaji wa taarifa atadhani yamepimwa ilhali hayakupimwa. Istilahi ya Kiingereza inayotumika katika menyu za zana hizi huyafunika yote hayo kwa neno moja. Kiswahili hakina sababu ya kurithi mkanganyiko huo, kwa kuwa kina maneno matatu yaliyo tayari.

3.0 Maneno Matatu na Picha Zake

Lakoff na Johnson (1980) wameonesha kwamba dhana dhahania hufikiriwa kwa kuazima umbo la vitu vinavyoonekana na kuguswa. Istilahi nazo haziepuki jambo hilo. Kila neno linalopendekezwa kuwa istilahi huja na picha yake, na picha hiyo huamua maswali yanayoweza kuulizwa kwa urahisi na yale yanayofichika. Kwa hiyo, maneno haya yanapaswa kuchunguzwa kwa picha yanazobeba na kwa vitenzi yanavyoambatana navyo.

3.1 Upeo

Neno upeo lina nasaba na kitenzi pea, kwa maana ya kukomaa au kufikia kilele. Matumizi yake ya kawaida ni ya jicho: upeo wa macho ni pale ambapo kuona kunakoma. Vitenzi vyake ni fika, vuka, pita na ishia. Mtu hufika upeo wake, na jambo huweza kuwa nje ya upeo wake. Kinachodhihirika katika matumizi hayo ni kwamba upeo haujengwi na mtazamaji. Aliyesimama ukingoni mwa mbuga ya Katisunga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, huona nyasi mpaka pale macho yanapochoka, lakini hakuchagua pachoke wapi. Anaweza kupanda juu ya gari ili aone mbali zaidi, ila hata hapo atakuwa amebadili mahali pa kusimama, na upeo utakuwa umejibadili wenyewe.

Yapo matumizi kama "kupanua upeo wa mwanafunzi", ambayo yanaweza kuonekana kuipinga hoja hii. Lakini hata katika kauli hiyo kinachopanuka ni uwezo wa mwanafunzi wa kuona. Hakuna anayedai kwamba mwanafunzi alijiwekea upeo mwembamba kwa makusudi. Swali "upeo huu umewekwa na nani?" halikai vizuri katika sikio la mzungumzaji, isipokuwa kwa kejeli.

3.2 Mawanda

Neno mawanda lina nasaba na uwanda na nyanda, yaani ardhi iliyotandaa. Wanafunzi wa shahada za juu wanalifahamu vizuri kwa kuwa sura ya kwanza ya tasnifu nyingi ina kipengele cha mawanda ya utafiti. Picha yake ni ya kuenea. Mawanda hayana ukuta. Yana kutandaa tu, na vitenzi vyake ni enea, husu, jumuisha na gusa. Ni neno linalojibu swali "jambo hili linafika wapi?" bila kuuliza "nani ameamua liishie hapo?" Kisarufi nalo huwa katika wingi daima, jambo linaloimarisha hisia ya upana usio na kingo.

3.3 Wigo

Neno wigo katika maana yake ya msingi ni ua au boma: kitu kilichojengwa kwa miti au vijiti ili kutenga ndani na nje. Katika lugha ya magazeti na ya bunge, neno hili limepata maisha mapya kupitia kauli kama "kupanua wigo wa walipakodi" na "kupanua wigo wa ajira". Inaweza kudaiwa kwamba katika kauli hizo picha ya ua imekufa. Ushahidi wa vitenzi unakanusha dai hilo. Wigo hupanuliwa, huwekwa, huongezwa, hubanwa. Vitenzi hivi vyote vina mtenda. Anayesikia kwamba wigo wa walipakodi umepanuliwa anajua kuwa kuna mamlaka iliyoupanua, na anaweza kuuliza kama alikuwa nje jana na leo yuko ndani. Swali "wigo huu umewekwa na nani?" ni swali la kawaida kabisa.

Hapa ndipo penye tofauti ya msingi. Wigo una mjenzi, upeo hauna. Kwa wafugaji walioko Katavi, ua wa miti unaozunguka zizi hauwezi kudhaniwa kuwa ni mwisho wa dunia. Kila mtu anajua nani alikata miti ile na kwa sababu gani alipitisha ua pale na si hatua 20 mbele.

3.4 Skopu, eneo na mipaka

Wapo wanaopendelea kutohoa na kusema skopu. Kwa kigezo cha umataifa, mojawapo ya vigezo vya uundaji wa istilahi vilivyotolewa na Kiingi na vinavyofahamika kwa ufupisho PEGITOSCA, pendekezo hilo lina mashiko. Lakini linashindwa katika kigezo cha uangavu, kwa kuwa halimwambii mtumiaji mpya chochote kuhusu kile anachokifanya. Neno eneo lina kasoro ya kuwa na kazi nyingi mno katika kompyuta, ambako hutumika pia kwa mahali katika kumbukumbu na kwa mahali katika ramani. Neno mipaka lina mjenzi kama wigo, lakini katika tasnifu limezoeleka kwa maana ya upungufu wa utafiti, kiasi kwamba "mipaka ya upimaji" inaweza kusomwa kama orodha ya udhaifu wa zana. Kwa sababu hiyo, makala haya yanalitumia neno hilo kwa maana ya jumla tu.

4.0 Katavi kama Mahali pa Kuzijaribu Istilahi

Uchaguzi wa Katavi katika uhakiki huu una sababu. Mkoa huu wenyewe ni matokeo ya wigo kuhamishwa. Ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, makao yake makuu yakiwa Mpanda. Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Rukwa zaidi ya watu milioni 1.1. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Rukwa watu 1,004,539. Msomaji anayelinganisha safu hizo mbili za takwimu bila kujua historia atahitimisha kwamba watu wa Rukwa walipungua ndani ya miaka 10. Hawakupungua. Watu 564,604 walihesabiwa mwaka huo huo chini ya jina jipya la Katavi, na jumla ya mikoa hiyo miwili ilikuwa 1,569,143. Kilichobadilika ni ua uliozungushiwa hesabu.

Kama taarifa ya aina hiyo ingeandikwa kwa neno upeo, yaani kwamba "watu wa Rukwa wamepungua katika upeo wa sensa", msomaji asingekuwa na njia ya kushuku. Ikiandikwa kwamba wigo wa Rukwa katika sensa ya 2012 si ule wa 2002, swali linajileta lenyewe. Kwa upande mwingine, ongezeko la Katavi kutoka 564,604 mwaka 2012 hadi 1,152,958 mwaka 2022 linaweza kusomwa kama ongezeko halisi la watu, kwa kuwa mkoa uliohesabiwa ni ule ule. Namba peke yake haioneshi tofauti kati ya mabadiliko haya mawili. Inayoionesha ni taarifa ya wigo.

Wanaisimu wanalo tukio linalofanana na hilo mlangoni kwao. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ilichapishwa miaka mitatu kabla Katavi haijawa mkoa. Mtafiti wa leo anayetafuta lugha za Katavi, kama Kibende, Kipimbwe na Kikonongo, lazima aanze na Mpanda iliyokuwa wilaya ya Rukwa. Akisahau hatua hiyo, atailinganisha hali ya sasa na jedwali lililozungushiwa ua mwingine.

Upande wa muda nao una mfano wake katika mkoa huu. Wakati wa kiangazi maji ya mto Katuma hupungua, na viboko wa Hifadhi ya Katavi hurundikana kwa wingi katika vidimbwi vichache vilivyobaki, likiwamo eneo la Ikuu. Anayehesabu kando ya kidimbwi kimoja mwishoni mwa kiangazi na anayehesabu mahali pale pale wakati wa masika watatoa taarifa mbili zisizofanana kuhusu mto mmoja. Ndivyo ilivyo kwa anayepima seva saa 8 usiku na anayeipima saa 4 asubuhi siku ya mwisho wa mwezi. Muda ni sehemu ya ua.

Baada ya mifano hiyo, na irejewe ofisi ya karani iliyotajwa mwanzoni. Na ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba karani anabonyeza kitufe ili kuomba namba ya malipo kwa ajili ya mwananchi, na namba inatokea baada ya sekunde 12. Katika muda huo, prosesa ya seva ilifanya kazi kwa sekunde 0.3. Kwa sekunde 4, ombi lilisubiri hifadhidata iliyokuwa ikihudumia maombi mengine. Sekunde 7.7 zilizobaki zilikwenda njiani na katika kompyuta ya karani, ikiwa ni pamoja na kurudiwa kwa pakiti za data zilizopotea.

Msimamizi akiweka wigo wa zana yake kwenye mchakato mmoja na kuhesabu muda wa prosesa tu, atasoma sekunde 0.3 na kuandika kwamba mfumo uko sawa. Akijumuisha na muda wa kusubiri, ataona sekunde 4.3 na kuanza kuitazama hifadhidata. Katika hali zote mbili, zile sekunde 7.7 hazimo, kwa kuwa ziko nje ya upeo wa zana iliyosimikwa kwenye seva. Haziwezi kuonekana mpaka zana nyingine isimikwe upande wa Mpanda.

Aghalabu pengo hilo huzibwa kwa maelezo kwamba Mpanda ni mbali. Maelezo hayo hayatoshi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni takribani kilomita 900 kwa mstari ulionyooka, na mawimbi ya mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi umbali huo huchukua kama sehemu 9 za elfu moja za sekunde. Hata njia halisi ikiwa na urefu maradufu, umbali hauwezi kuzaa sekunde 7.7. Kinachozizaa ni foleni za njiani, vifaa vilivyoelemewa, umeme usiotulia na kompyuta zilizozeeka, na kila kimoja kati ya hivyo kina mwenye wajibu wa kukirekebisha. Umbali hauna mwenyewe. Ndiyo maana unapendwa kama maelezo.

5.0 Pendekezo na Pingamizi Zake

Kutokana na uchambuzi huo, inapendekezwa kwamba maneno hayo matatu yagawiwe kazi tatu badala ya kuachwa yagombanie moja. Upeo wa zana utaje yale ambayo zana inaweza kuyaona, kwa kuzingatia mahali iliposimikwa na ruhusa iliyopewa. Wigo wa upimaji utaje yale ambayo mpimaji ameamua kuyazungushia ua ndani ya upeo huo, kwa pande zake tatu za kitu, tabaka na muda. Mawanda ya matokeo yataje yale ambayo taarifa inaweza kuyasemea. Mahusiano yake yanaweza kuwekwa kwa sentensi moja: wigo hauwezi kuvuka upeo, na mawanda hayapaswi kuvuka wigo.

Vitenzi visaidizi katika sentensi hiyo vimechaguliwa kwa makusudi. Hauwezi ni suala la uwezo, na zana yenyewe itakataa. Hayapaswi ni suala la maadili, na hakuna zana itakayokataa. Anayepima sekunde 0.3 na kuandika kwamba huduma nzima ni ya haraka hajakosea hesabu. Ameyapeleka mawanda yake nje ya wigo wake, na kompyuta haina namna ya kumzuia. Kinachoweza kumzuia ni msomaji mwenye lugha ya kumuuliza.

Pingamizi la kwanza ni la kisarufi. Neno wigo halina wingi uliozoeleka, ilhali mtumiaji wa zana anaweza kuweka mipaka kadhaa kwa wakati mmoja. Hii ni kasoro ya kweli, na mfasiri atalazimika kutumia vifungu kama aina za wigo au wigo wa kwanza na wa pili. Aidha, neno hili halina kitenzi hai kinachonyambulika kutoka kwake, hivyo kigezo cha uzalishi hakitimizwi kikamilifu. Kasoro hiyo hupunguzwa na uambatanishaji: kuweka wigo, uwekaji wa wigo na mweka wigo ni maumbo yanayokubalika, na umbo la mwisho lina faida ya kumtaja mtu.

Pingamizi la pili ni la mazoea. Mawanda ya utafiti yamekwisha kukita mizizi katika vyuo vikuu kwa maana ya mipaka ambayo mtafiti amejiwekea, na huenda ikaonekana ni usumbufu kuyahamishia upande wa matokeo. Lakini mazoea hayo yenyewe yanahitaji kuhojiwa. Si nadra kuikuta tasnifu ambayo katika kipengele hicho hutaja mkoa mzima, kisha katika sura ya mbinu hubainika kwamba data zilikusanywa katika kata mbili. Neno lenye picha ya uwanda usio na kingo limerahisisha mteremko huo. Mwanafunzi anayetakiwa kuandika wigo wa ukusanyaji data na mawanda ya matokeo katika vipengele viwili tofauti atalazimika kueleza jinsi alivyovuka kutoka kimoja kwenda kingine.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Inaweza kusemwa kwamba istilahi haibadilishi tabia, na kwamba msimamizi asiyetaka kuona Mpanda hataiona hata akipewa neno gani. Ni kweli kwamba neno haliwezi kusimika zana mahali isipokuwapo. Lakini taarifa za upimaji husomwa na watu wasio wahandisi: wakuu wa idara, wahasibu, madiwani. Hao hawawezi kuihoji namba, ila wanaweza kulihoji neno. Diwani hahitaji kujua maana ya mchakato au prosesa ili aulize ua umepita wapi na ni nani walioachwa nje. Swali hilo analijua tangu utotoni.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba upeo, wigo na mawanda si visawe, na kwamba ushahidi wa vitenzi vinavyoambatana nayo unatosha kuyatenganisha. Yameonesha pia kwamba tofauti hiyo ina uzito nje ya kamusi. Penye neno linalomficha aliyeweka mpaka, matokeo ya upimaji huonekana kama hali ya asili, na wale walioachwa nje ya ua hubaki na kauli moja tu ya kujielezea, kwamba mtandao unasumbua.

Kazi inayobaki kwa wanaistilahi ni kuyajaribu mapendekezo haya katika tafsiri ya zana halisi, menyu kwa menyu, na kuona ni wapi yatakapokwama. Jaribio hilo lisifanyiwe Dar es Salaam peke yake. Lifanyike pia katika ofisi za Mpanda, Inyonga na Karema, mbele ya watu ambao sekunde 12 zao hazijawahi kuingia katika taarifa ya mtu yeyote.